Kadi Mbili za Fundi Lifti

Watu wanaoamini bahati nawatambua kwa vidole vyao. Kabla ya kuvuta kadi, wanagonga meza mara mbili, au wanaipuliza pakiti, au wanaisugua kwenye suruali. Wakishinda wanasema wanajua kucheza. Wakishindwa wanasema kadi zimewakataa. Miaka sita nimecheza kwenye chumba kile cha nyuma ya duka la vifaa vya shule, na kwa miaka yote sita sijakutana na mtu aliyesimama akasema, "Jamani, leo nimeshinda kwa bahati tu, niwieni radhi."

Mimi kazi yangu ni kupima macho. Namkalisha mtu kitini, namwonyesha herufi ukutani, namwambia asome. Asiyeona haoni. Herufi ya nne anaweza kuibahatisha, ya tano itamuumbua. Basi na kadi nazitazama vivyo hivyo, na ndiyo maana pale chumbani wengi wananiogopa na wachache wananipenda, na wote wananiita Miwani.

Mchezo wenyewe si karata zile za kopa na shupaza. Hizi ni kadi za kukusanya. Kila mtu ananunua zake, anabadilishana na wenzake, mwisho anachagua arobaini anazoziamini na kuingia nazo mezani. Kuna visima, hivyo vinakupa nguvu. Kuna askari, hao wanapiga. Kuna na hila, za kumharibia mwenzako mipango. Unaanza na pumzi ishirini, na zikiisha umekufa.

Ila kuna kanuni moja ya chumba kile ambayo hutaikuta kwenye karatasi ya sheria. Ukiona umekwisha, unaweka kadi zako kifudifudi mezani. Tunaita kulaza. Ukishalaza mchezo umefungwa, na huna haki ya kuona kadi alizobaki nazo mwenzako mkononi. Unataka kuziona? Kaa uuawe.

Mimi sijawahi kuuawa. Kushindwa nimeshindwa, mara kumi na nne kwa hesabu yangu, lakini mara zote nimelaza mwenyewe kabla ya pigo la mwisho. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nilikuwa nakubali mapema kuliko mtu yeyote. Wajinga walikuwa wanakaa mpaka tone la mwisho wakingoja muujiza, mimi nilikuwa nimeshavaa koti. Huo niliuona ndio ustadi.

Jumamosi moja ya mashindano, saa tisa mchana, nilikuwa nimeshamaliza mechi yangu ya nusu fainali nikimsubiri atakayenikabili, Mama Kalamu akaniletea chai. Ndiye mwenye duka. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na hakuna habari ya mtu yeyote inayompita.

"Umeona nani ameshinda meza ile nyingine?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Fundi wetu."

"Fundi alikuja kutengeneza lifti, Mama Kalamu. Tumepanda ngazi ghorofa tatu, watu wazima tunahema, yeye kakaa anachanga kadi."

"Anasema anasubiri kifaa kiletwe."

"Na kikombe cha plastiki cha mshindi nacho kitaletwa na nani?"

Akacheka kidogo, kisha akavuta kiti karibu yangu. Mama Kalamu akivuta kiti, ujue kuna jambo.

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia nini?"

"Kesho mama yake anampeleka kwa watu. Binti wa yule bwana mwenye duka la dawa. Wanakwenda kusema posa."

"Waseme."

"Miwani."

"Nakunywa chai, Mama Kalamu."

Ilikuwa imepoa ile chai, nami niliinywa yote. Nilikuwa nampenda Fundi Lifti. Nalisema hapa mapema ili tusizungushane. Nilimpenda miaka miwili waziwazi, na miezi saba nyingine nikimpenda huku nikimdharau, na hiyo miezi saba ndiyo iliyonichosha.

Tulivyoachana ni hivi. Siku moja alinipeleka kwa mama yake. Mama huyo ni mjane, anashona mapazia, na nyumba yake imejaa vitambaa hata pa kukaa unatafuta. Alinitazama kuanzia viatu, akapanda mpaka kichwani, akashuka tena kwenye viatu.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayecheza kadi na wanaume," akasema.

"Na kuwafunga pia, mama."

Hakucheka. Mwanaye alikuwa amekodolea kikombe chake kana kwamba kimeandikwa kitu. Nikasubiri aseme neno. Hakusema. Mama mtu akaniambia, "Wewe tangulia, mwanangu. Mimi na huyu tuna mazungumzo."

Nikatangulia. Pale getini nikapiga hesabu. Mwana wa pekee. Wa mjane. Mwanaume ambaye hawezi kumkatalia hata abiria wa sita kwenye lifti ya watu watano. Nafasi yangu ilikuwa ndogo, na mimi si mtu wa kukaa kusubiri kuachwa. Kesho yake nikatia vitu vyake kwenye sanduku: koti, bisibisi tatu, na pakiti ya kadi niliyomchagulia mwenyewe nilipokuwa namfundisha. Nikaliacha kwa Mama Kalamu na karatasi ya maneno mawili: "Usijisumbue, Fundi." Siku ya tano alikuja akalichukua. Hakunipigia simu. Nikajipongeza kwamba nilihesabu sawasawa.

Sasa ndiye huyo anakuja kukaa mbele yangu kwenye fainali, na ovaroli yake ya kazi, na grisi kwenye kucha.

"Hujambo, Miwani."

"Sijambo. Changa."

Tukachanga kadi, tukakatiana. Watu walikuwa wametuzunguka, labda ishirini, wale walioshindwa mapema na hawana pa kwenda. Nawajua wote. Yule wa benki anayenunua kadi ghali akidhani ghali ndiyo kuona mbali. Yule mwalimu wa jiografia ambaye kila akifungwa anahadithia kadi ambayo ingekuja zamu moja baadaye. Walikuwa wanamtaka Fundi ashinde, naliona machoni mwao, kwa sababu mtu kama Fundi akishinda hata wao wanajiona wana matumaini.

Michezo ni mitatu, mwenye miwili ndiye mshindi. Wa kwanza nilimfunga kwa dakika kumi na moja. Alipanga askari wake vizuri, sikatai, lakini alicheza kwa adabu mno, kama anayepisha watu mlangoni. Wa pili nilikuwa nimeshaushika. Alibakiwa na pumzi mbili na hana askari hata mmoja. Akavuta kadi. Likatoka Jitu, askari mkubwa kuliko wote, na pakiti yake nzima ilikuwa na Jitu hilo moja. Mwalimu wa jiografia akapiga makofi. Zamu tatu baadaye nikalaza.

"Bahati," nikamwambia.

"Asante."

"Sikukupongeza."

"Najua. Nimeshukuru hivyo hivyo."

Hilo ndilo lililonichefua kwake tangu zamani. Ukimtupia jiwe, analipokea kwa mikono miwili.

"Kesho una safari, nimesikia," nikasema tukichanga kadi za mchezo wa tatu. Nilitaka ijulikane kwamba sijali.

"Ya mama. Mimi napelekwa."

"Hongera. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Kafunge mlango vizuri."

Akanitazama. Akaisukuma pakiti yake kwangu niikate, na vidole vyetu vikagusana kidogo, nami nikavirudisha vyangu haraka nikavifuta kwenye sketi. Mchezo wa tatu ukaanza.

Nitaueleza mwisho wake kwa sababu huwezi kunielewa bila huo. Mimi nilikuwa na pumzi tatu. Jitu lake lilikuwa mezani tena, na pigo moja la Jitu ni pumzi tano, kwa hiyo zamu yake ikifika mimi ni maiti. Lakini zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na askari wanne, na nikiwatuma wote wanne wakamfikia, pumzi zake zinaisha palepale. Kilichoweza kuwazuia ni kitu kimoja tu: hila inayoitwa Gharika. Gharika inafagia askari wote wa mshambuliaji. Inahitaji visima sita, na kila pakiti inaruhusiwa Gharika tatu. Mbili alikuwa ameshazitumia. Ya tatu ilikuwa haijaonekana.

Na Fundi alikuwa na kadi mbili mkononi. Alizivuta zamu mbili za mwisho, na hakuziweka mezani. Na mezani visima vyake sita vilikuwa vimekaa bila kazi, zamu zote mbili.

Nikamsoma uso. Hii ndiyo kazi yangu, siku nzima natazama macho ya watu. Wakati wa mchezo macho ya mtu asiye na kitu huwa hayatulii. Yanakimbilia mezani, yanarudi kwenye kadi, yanakwenda dirishani. Macho ya Fundi yalikuwa yametulia. Yalikuwa juu yangu, meupe, mapole, hayapepesi, na mdomoni alikuwa na kitu kama tabasamu lililokosa pa kwenda. Nikajua. Anayo. Anasubiri niwatume askari wangu wote wanne ili awafagie mbele ya watu, kisha Jitu linimalize huku mwalimu wa jiografia akipiga makofi, na kesho aende kwa mwenye duka la dawa akiwa na hadithi ya kuchekesha wakwe.

Nikakusanya kadi zangu. Nikazilaza.

Chumba kikalipuka.

"Gharika ya tatu," nikawatangazia, nikisimama. "Ameivuta, ameilalia. Hakuna ustadi hapo. Mtu akiokota embe njiani haitwi mkulima."

Wakacheka, wakakubali, kwa sababu nikisema kitu kuhusu kadi wanakubali. Fundi alizichukua kadi zake mbili bila kuzigeuza, akazitia mfuko wa kifuani wa ovaroli, si kwenye pakiti na nyingine. Mama Kalamu akamkabidhi kikombe. Akakipokea, akamrudishia, akamwambia atakifuata baadaye maana ana kazi.

Nilikwenda nikaosha uso. Nilipotoka nilikuwa nimeazimia kwenda nyumbani moja kwa moja, na miguu ikanipeleka kwenye ngazi, na pale kwenye ngazi ndipo ilipo lifti. Fundi alikuwa amepiga magoti, kifuniko cha swichi kikiwa wazi, anakaza waya.

"Kifaa kimeletwa?" nikauliza.

"Kilikuwa mkobani tangu asubuhi."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilimdanganya Mama Kalamu. Yeye naye akajifanya amedanganyika."

Nikasimama. Ningeweza kushuka. Badala yake nikasema, "Nionyeshe."

"Ulilaza, Miwani. Aliyelaza haoni."

"Hatuko chumbani."

"Kwa nini unataka kuona kama unajua ni nini?"

"Nataka kuona hiyo bahati yako kwa macho yangu."

Akaweka bisibisi chini. Akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole, akafungua mfuko wa kifuani na kunipa kadi zote mbili.

Zilikuwa visima.

Nikazigeuza. Nikazigeuza tena. Visima viwili, kadi za kawaida kabisa, zile ambazo ukishakuwa na sita mezani ya saba haina kazi yoyote.

"Gharika iko wapi?"

"Chini ya pakiti. Nimetazama baada ya mchezo. Ilikuwa kadi ya mwisho kabisa."

"Ulikuwa huna kitu."

"Sikuwa na kitu. Zamu mbili nimevuta visima tu. Kama kuna mtu leo alikuwa na bahati mbovu humo ndani, ni mimi."

"Kwa nini hukuviweka mezani?"

"Ungejua sina kitu. Hilo ulinifundisha mwenyewe."

Sikuwa na hasira naye bado, nilikuwa natafuta pa kuishika. "Hesabu yake ilikuwaje?" Fundi akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kuuliza kitu anachokijua. "Kadi ambazo hujaziona zilikuwa kumi na mbili. Mbili mkononi kwangu."

"Nafasi moja kati ya sita."

"Kwamba ninayo. Kwa hiyo tano kati ya sita kwamba sina. Na ukishambulia ukakuta ninayo, unapoteza nini?"

Nikazitazama tena zile kadi mbili.

"Ulikuwa unakufa zamu inayofuata, Miwani. Ulikuwa huna hata kitu kimoja cha kupoteza."

"Sikutumia hesabu. Nilikusoma uso."

"Ukasoma nini?"

"Macho yalikuwa yametulia. Mtu akitulia hivyo ana kitu."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nilikuwa nakutazama. Miezi saba sijakuona. Ulikuwa umeinamisha kichwa unahesabu, unauma mdomo kama unavyofanya, nikasahau hata kama tunacheza."

Mtu mwingine angeniambia hivyo ningemwambia asinichezee. Huyu hajui kuchezea watu. Nilishika ukuta wa lifti, na kadi zile mbili mkononi, na nikakumbuka kwamba mimi ndiye ninayelipwa kutazama macho ya watu na kuwaambia yana nini.

"Nilijua utalaza," akasema. "Sikupanga. Lakini nilipoona umesitasita nikajua, kwa sababu nilishakuona ukifanya."

"Lini?"

"Getini kwa mama."

"Mama yako alinikataa, Fundi. Usinigeuzie maneno. Mama yako alinikataa nami nikaona."

"Alikukataa. Hukukosea. Nilikaa naye siku tatu. Sikwenda kazini. Alilia, akanuna, akaita kaka zake wawili waje kunisema, wakaja, wakanisema. Siku ya nne akakubali kwa shingo upande. Siku ya tano nikaja mbio kukuambia, nikapewa sanduku."

"Ungenipigia simu."

"Kukuambia nini? Karatasi ilisema nisijisumbue. Nilikuwa nimeshajisumbua siku nne."

"Kule ndani ulikaa kimya. Ulikodolea kikombe."

"Nilikuwa nasubiri utoke ili nigombane naye. Mama yangu hagombani mbele ya mgeni, na mimi sikutaka ugombane naye wewe. Nilidhani utanisubiri dakika kumi getini."

Dakika kumi. Getini pale nilikaa dakika tatu, na dakika zote tatu nilikuwa nahesabu.

"Unajua nilipofika na sanduku mama alisemaje?" akaendelea. "Alisema, 'Unaona? Huyo hata kukataliwa hakusubiri kumalizika.' Nami nikakosa jibu. Mpaka leo sina. Kila nikitaka kukutetea naanza na kuishia hapo hapo."

"Kwa hiyo umekuja leo kunikomoa."

"Nimekuja kwa sababu kesho napelekwa kwa watu na nilitaka nione kitu kimoja. Nilitaka nione kama unaweza kukaa mezani mpaka mwisho, hata mara moja, hata na mimi. Ungeshambulia ungenifunga. Nilikuwa nimekaa pale naomba unifunge."

Hapo hasira niliipata, lakini haikumwendea yeye. Miaka sita nimewacheka wanaopuliza pakiti. Miaka sita nimewaita wajinga wanaokaa mpaka tone la mwisho. Na hao wote, yule wa benki na yule mwalimu wa jiografia, wangewatuma askari wao wanne bila kufikiri mara mbili, wakashinda. Mimi peke yangu chumba kizima ndiye ningeweza kuupoteza mchezo ule, maana kwangu afadhali kupoteza kuliko kuonekana napoteza. Nilijiona mdogo, na hata mdogo niliona ni neno la heshima.

"Wewe hukuwa na hesabu na mimi," akasema, akikusanya vifaa vyake. "Ulinidharau tu, ukaita hesabu. Ulisema moyoni, huyu hawezi kumkatalia mama yake. Ukanilazia."

"Na sasa?"

"Sasa sijui."

"Unataka kwenda kesho?"

"Sitaki. Lakini sina cha kumwambia mama. Yeye ana jambo moja tu dhidi yako, na jambo hilo ni kweli."

Nilitaka kumwambia nampenda. Lilikuwa pale kooni, tayari. Nikaona kwamba hata hilo kulisema kwake ni rahisi mno, maana jibu lake nalijua. Nikamrudishia kadi zake mbili. Akazishika upande mmoja, mimi nikazishika upande wa pili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na hakuzivuta.

"Mama yako yuko nyumbani saa hizi?"

"Anamalizia nguo ya kesho. Kwa nini?"

"Tengeneza lifti, Fundi. Watu wanaumia magoti."

Nikashuka ngazi. Sikupita nyumbani kubadilisha nguo, kwa sababu ningepita ningepata muda wa kufikiri. Kwa mama yake si mbali, ni mwendo wa nusu saa, na njia nzima nilikuwa natafuta namba ya kushika na sikuipata. Mwanamke aliyenichukia mara ya kwanza kwa sababu zake, mara ya pili kwa sababu zangu, na kesho ana safari ya kupata mkwe anayemtaka. Kama ningeambiwa na mteja, ningemwambia arudi nyumbani akalale.

Mlango ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa inanguruma. Nikabisha hodi, ikanyamaza.

Alitoka na pini tatu mdomoni na tepu ya kupimia shingoni. Aliponitambua alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake, hana haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu hayupo."

"Najua. Nimetoka kuachana naye sasa hivi. Hajui kwamba niko hapa."

"Umepotea njia, basi."

"Hapana. Nimekuja kwako."

"Na mimi una shida gani? Vitu vyake ulisharudisha. Vilifika vyote, hata bisibisi."

Kila alichosema kilinichoma nami nikasimama palepale. Mikono nikaishikanisha nyuma.

"Siku ile ulikuwa unanikataa, mama," nikasema. "Nami niliondoka hujamaliza. Nimekuja umalizie."

Akanitazama. Safari hii hakuanzia kwenye viatu. Alinitazama usoni tu, kwa muda mrefu, kwa dharau ileile, ila sasa ilikuwa na kitu kingine ndani yake ambacho sikukipa jina, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeshasoma nyuso za kutosha.

"Kesho tuna safari ya kwa watu," akasema.

"Nimeambiwa."

"Na walishajua tunakuja."

"Nimesikia."

"Na nikikukataa leo mpaka mwisho, mbele yako, neno kwa neno, halafu iweje?"

"Nitakuwa nimekataliwa nikiwa nimekaa. Kisha nitakuja tena."

Akavuta pumzi kwa pua. Akageuka, akaingia ndani, nikadhani ndio basi. Kisha nikamsikia anaondoa vitambaa juu ya kiti, akivitupa kimoja kimoja juu ya meza ya kukatia, akinung'unika.

"Haya, ingia," akasema bila kugeuka. "Funga huo mlango, jirani ana masikio. Nina maneno ya miezi saba, na sipendi kukatizwa."

Nikaingia. Nikakaa.